Sili Iliyovuja Mara Tatu: Kisa cha Slasha Kubwa Kwenye Trekta Ndogo

Trekta ililetwa kwangu kwa ajili ya oili. Ni trekta ndogo ya hospawa 25, na nyuma yake, pale shafti ya PTO, yaani ile inayotoa nguvu ya injini kuendesha zana, inapochomoza kutoka kwenye gia boksi, palikuwa pamelowa. Sili, ile pete inayozuia oili isitoke pembeni mwa shafti, ilikuwa inavuja kwa mara ya tatu katika msimu mmoja. Mafundi wawili walionitangulia walikuwa wameshaibadilisha, na niseme mapema kwamba wote wawili walifanya kazi safi: nyumba ya sili haikuwa na mkwaruzo, sili ilikaa sawasawa, mdomo wake haukupinda. Mwenye trekta, mzee asiyependa maneno mengi, alikuwa na hakika kwamba anauziwa sili bandia. Alikuja na zile mbili za zamani ndani ya mfuko, akazimwaga mezani kama ushahidi.

Sili bandia zipo, sikatai. Lakini sili bandia kwa kawaida huchakaa kuzunguka mdomo wote. Hizi mbili zilikuwa zimeliwa upande mmoja zaidi ya mwingine, na mdomo umepanuka kana kwamba shafti ilikuwa ikihamahama ndani yake. Nikaenda nyuma ya trekta, nikazima injini, nikashika shafti ya PTO kwa mikono miwili nikaivuta na kuisukuma. Ilicheza kwenda mbele na nyuma, milimita tatu hivi, na juu na chini pia kidogo. Shafti isiyo na ubovu haichezi hivyo. Sili haikuwa na kosa. Ilikuwa imewekwa kuzuia mafuta kwenye shafti isiyotulia, na hakuna sili duniani inayoiweza kazi hiyo.

Tukafungua. Beringi ya nyuma ya shafti ilikuwa imekwisha, na namna ilivyokwisha ndiyo iliyonipa kisa chote. Gololi za beringi ya kawaida hupita katikati ya mfereji wake na kuacha alama inayong'aa katikati. Hapa alama ilikuwa imepanda hadi ukingoni mwa mfereji, upande mmoja tu. Ukisoma alama hiyo unajua shafti ilikuwa inasukumwa kwenda mbele, kuelekea injini, kwa nguvu kubwa na mara nyingi. Beringi ya aina hiyo imetengenezwa kubeba mzigo wa kuzunguka, msukumo wa kwenda mbele au nyuma inauvumilia kidogo tu. Sasa ni nini kinachoweza kusukuma shafti ya PTO kwenda mbele? Ni kitu kimoja tu, propela inayoiunganisha na zana iliyo nyuma.

Ndipo nikauliza trekta hii inafanya kazi na zana gani.

Ilikuwa slasha. Si lile fyekeo la mkono. Ni ile ya trekta, bati pana lenye visu viwili vizito chini yake, inayokata majani na vichaka vidogo. Upana wake mita 1.5, uzito wake kilo 320. Mzee aliipata kutoka kwa mtu aliyekuwa na trekta kubwa, na kwa kuwa chuma chake kilikuwa kizima na gia boksi yake haina kelele, aliona ni bahati. Kwa macho ya kawaida ilikuwa bahati kweli.

Nikamwomba anieleze, hatua kwa hatua, ni nani aligusa nini tangu siku slasha ilipofika. Dereva wake, kijana mwenye kumbukumbu nzuri kuliko sisi wote, ndiye aliyejibu. Ninaeleza kwa mpangilio wake kwa sababu mpangilio ndio kiini cha jambo.

Kwanza, pini za chini hazikuingia. Hapa inafaa kusema kidogo kuhusu mikono mitatu ya trekta: miwili ya chini inayonyanyua, na mmoja wa juu unaozuia zana isipinduke. Mfumo huu ulitoka kwa Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na ulienea sana kuanzia 1939 alipoungana na Henry Ford kutoa trekta ya Ford 9N. Baadaye vipimo vyake viliwekewa kiwango cha kimataifa, ISO 730, kwa makundi kulingana na nguvu ya trekta. Kundi la 1 ni la trekta ndogo kama hii: pini za chini milimita 22, pini ya juu 19. Kundi la 2 ni la trekta kubwa zaidi: pini za chini 28, ya juu 25. Kuna na kundi la 0 kwa vitrekta vya bustani, ambavyo pini zake zote ni 16. Watu wengi huishia kwenye unene wa pini, lakini kiwango hicho kinapanga pia umbali kati ya mkono na mkono, ambao ni milimita 683 kwa kundi la 1 na 825 kwa kundi la 2, na urefu wa mlingoti, yaani kimo cha tundu la mkono wa juu kutoka usawa wa pini za chini: 460 kwa kundi la 1, na 610 kwa kundi la 2. Slasha ya mzee ilikuwa ya kundi la 2 kwa kila kipimo.

Fundi wa kwanza alizitoa pini za 28 akafunga za 22, tena akazigeuza zitazame ndani badala ya nje, ili mikono ya trekta isitanuliwe hadi kugusa matairi. Hilo ni jambo zuri sana. Nimeona wengine wakitoboa macho ya mikono ya trekta yapanuke yapokee pini nene, jambo linalodhoofisha mkono wa trekta kwa ajili ya zana iliyopatikana jana. Huyu hakufanya hivyo.

Kwenye mkono wa juu hakuwa makini vile. Pini ya 19 aliipitisha kwenye tundu la 25 na kuiacha hivyo, bila bushi, yaani bomba fupi la kujaza nafasi. Ikaingia, ndiyo. Ina nafasi ya milimita sita ya kurukaruka. Nilipoiona, tundu lilikuwa limeshakuwa yai.

Pili, dereva alianza kulalamika kwamba trekta "haishiki klachi". Akifika mwisho wa shamba anakanyaga klachi, trekta inaendelea kwenda mita kadhaa, siku moja ikaingia kwenye ua. Klachi ilikuwa nzima. Katika trekta hii PTO inapita kwenye klachi ileile ya gia, na visu vya slasha vikishashika kasi vinakuwa kama gurudumu zito linalozunguka: ukikanyaga klachi, visu vinarudisha nguvu kwa nyuma kupitia propela, vinaingia kwenye gia, vinasukuma magurudumu. Trekta kubwa ilikotoka slasha hii ilikuwa na PTO inayojitegemea, kwa hiyo mwenye slasha wa zamani hakuwahi kuliona tatizo hilo.

Fundi mwingine alilijua. Aliweka friwili kwenye shafti ya PTO. Ni kama friwili ya baiskeli: inapeleka nguvu nyuma, lakini nyuma kukiwa na kasi zaidi inateleza tu. Tatizo likaisha siku ileile. Nalisema kwa heshima: ni dawa sahihi, ndiyo ambayo ningeiweka hata mimi. Ila kifaa chenyewe ni kipande cha chuma kinachochomekwa mwisho wa shafti, na kilikuwa na urefu wa milimita 105.

Tatu, wiki chache baadaye, lifti ikaanza kugoma. Slasha inapanda nusu, inasimama, trekta inalia. Wakasema pampu ya haidroli imechoka, au slasha ni nzito mno. Wakabadilisha mafuta na chujio. Ikabaki vilevile, dereva akazoea kunyanyua nusu tu na kuiacha gurudumu la nyuma la slasha liburutike chini.

Nne, sili ikavuja. Tano, sili ikavuja tena.

Nilipomaliza kusikiliza nikamwambia kijana aifunge slasha kama anavyofanya siku zote. Akaifunga. Propela iliingia kwa kugongwa na nyundo ya mpira, na alipoiingiza akasema, "Hii ndiyo kazi yake, fundi, inabana kidogo." Nikamwambia aitoe tena hiyo propela, aiweke pembeni, kisha awashe trekta na kunyanyua slasha bila propela.

Ikapanda hadi mwisho bila kelele.

Mzee akanyamaza. Pampu haikuwa na ugonjwa wowote. Lifti ilikuwa inagoma kwa sababu propela, ikifika kimo fulani, ilikuwa imejikunja hadi mwisho wake, bomba la ndani limegonga chini ya bomba la nje, na kuanzia hapo haikuwa propela tena bali nondo ngumu iliyobanwa kati ya gia boksi ya slasha na gia boksi ya trekta. Haidroli ilikuwa inaibana kwa nguvu zake zote, na shafti ya PTO ndiyo iliyokuwa inapokea. Ukitazama ncha ya bomba la ndani ilikuwa imepondeka ikang'aa kama kichwa cha patasi.

Sasa twende kwenye futi ya kupimia, maana kuanzia hapa maneno hayasaidii.

Propela ikiwa imekunjwa kabisa ilikuwa na urefu wa milimita 730. Kabla ya friwili, umbali kutoka PTO hadi shafti ya slasha ulikuwa 840 slasha ikiwa chini, na 765 ikiwa juu kabisa. Kwa hiyo siku ya kwanza propela ilitosha. Palibaki milimita 35 za usalama, si nyingi, lakini zilikuwepo. Friwili ikala 105. Umbali ukawa 735 chini na 660 juu. Angalia hiyo namba ya kwanza: 735 dhidi ya 730. Slasha ikiwa chini, propela bado inaingia. Inabana kidogo, inahitaji nyundo, lakini inaingia, na ndivyo ilivyowapita watu watatu. Kufungia zana ikiwa imelala chini ndilo zoea letu sote, na chini ndipo penye nafasi kubwa. Juu ilikuwa inakosekana milimita 70.

Kuna neno ambalo katika kazi hii tunalitumia kana kwamba ni cheti: "imeingia". Pini imeingia, propela imeingia, bolti imeingia. Katika kisa hiki kila kitu kiliingia.

Ningeweza kukata propela papo hapo nikampeleka mzee nyumbani. Karibu nifanye hivyo. Kilichonizuia ni swali la kwa nini umbali ulipungua kiasi kile slasha inapopanda. Kutoka 840 hadi 765 ni milimita 75, na kwa trekta ndogo yenye mikono mifupi nilitarajia pungufu ya hapo. Nikamwambia kijana ainyanyue tena polepole nami nimesimama ubavuni, mbali na mikono. Slasha haikuwa inapanda wima. Ilikuwa inapanda huku inainamia mbele, mkia juu, kichwa cha gia boksi kinaisogelea trekta.

Sababu ilikuwa mlingoti. Mlingoti wa 610 kwenye trekta iliyotengenezwa kwa ajili ya 460 unaufanya mkono wa juu upande kama ngazi kutoka kwenye trekta kwenda kwenye zana. Mikono ya chini ikinyanyuka, ncha ya mkono wa juu inazunguka kwenye duara lake, na kwa kuwa tayari ilikuwa imeinuka, duara hilo linairudisha mbele kuelekea kiti cha dereva. Tundu la juu linavutwa mbele, pini za chini zinabaki nyuma, zana inainama. Gia boksi, ambayo iko juu ya pini za chini, inainama pamoja nayo. Hapo unapata madhara mawili kwa pamoja: nafasi ya propela inapungua, na pembe ya krosi, kile kiungo kinachoiwezesha propela kupinda, inakuwa kali.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ukawa huu: kwanza beringi na sili mpya, kisha umbo la mikono, kisha kupima, kukata mwisho kabisa. Ukikata kwanza halafu ukarekebisha mlingoti, umekata kipimo cha jana.

Mlingoti tulipunguza. Tulichomelea sahani mbili za chuma kinene, moja kila upande, zikiwa na tundu la 19 katika kimo cha 460. Hapo hapo pini ya juu ikapata tundu la saizi yake na lile yai likaachwa halina kazi. Nilipopima tena, friwili ikiwa mahali pake, umbali slasha ikiwa juu kabisa ulikuwa 690 badala ya 660. Milimita 30 zilirudi bila kukata kitu. Mkia wa slasha sasa haupandi sana kama mwanzo, na hilo ni gharama ndogo. Dereva anatakiwa kukumbuka tu anapovuka matuta.

Kisha propela. Nilitaka milimita 30 zibaki huru katika hali mbaya kuliko zote, kwa hiyo urefu ikikunjwa uwe 660, maana yake kukata 70. Unakata bomba la ndani 70, bomba la nje 70, na maganda ya plastiki ya ndani na nje 70 kila moja. Watu husahau maganda, na ganda refu likigonga linasukuma vilevile. Ncha zikasuguliwa kwa tupa, vumbi la chuma likatolewa lote, grisi ikapakwa. Upande wa pili wa hesabu nao una sheria yake: propela ikivutwa hadi mwisho wa matumizi, mabomba yasibaki yameshikana kidogo. Kawaida hutakiwa angalau theluthi moja ya urefu wa kufunikana ibaki. Hapa, hata slasha ikishuka kwenye shimo, tulikuwa na sentimita zaidi ya 30 zilizofunikana, kwa hiyo hatukuwa karibu na hatari hiyo.

Nilikagua na kasi, kwa mazoea tu. Gia boksi ya slasha iliandikwa 540, na shafti ya trekta ina meno sita, kipenyo cha milimita 35, ambayo ndiyo alama ya mizunguko 540 kwa dakika. Hapo palikuwa sawa. Ila ninataja kwa sababu shafti ya mizunguko 1000 inaweza kuwa na kipenyo hichohicho cha 35, tofauti ikiwa meno 21, na madukani kuna vipande vya kuunganisha meno sita na 21. Kipande kinaunganisha chuma, hakibadilishi kasi. Slasha ya 540 ikizungushwa 1000, nguvu inayovuta visu kwenda nje inazidi mara tatu, kwa kuwa inakua kwa mraba wa kasi. Kisu kikikatika katika hali hiyo sitaki kuwa shamba moja nacho.

Jambo jingine nililolikuta halikuhusiana na kuvuja, lakini lilinikera kuliko yote. Friwili ilikuwa imechomoza nje ya kinga ya chuma ya trekta, tupu, sentimita kumi za chuma chenye bolti kinachozunguka mara tisa kwa sekunde. Shafti ya unene huo kwa kasi hiyo inavuta karibu mita moja ya kitambaa kila sekunde. Kijana alikuwa anavaa koti refu. Tulitengeneza kinga inayofika hadi juu ya friwili kabla ya trekta kuwashwa tena. Bolti ya kukatika, ile inayowekwa ikatike yenyewe mzigo ukizidi ili vingine visivunjike, nayo ilikuwa imebadilishwa ikawekwa ngumu "ili isisumbue". Tukarudisha laini, ya daraja lililoandikwa kwenye slasha yenyewe.

Nilidhani tumemaliza.

Kijana akawasha, akafunga slasha, akainyanyua hadi juu, ikapanda vizuri kabisa. Akaingiza gia aondoke. Trekta ikaenda mbele, akakata usukani kulia, na trekta ikaendelea kwenda moja kwa moja. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamepinda lakini yanaparaza ardhi tu. Alipokanyaga mafuta kidogo zaidi pua ikanyanyuka. Nikampigia kelele ashushe slasha, akashusha, pua ikarudi chini kwa kishindo.

Hapo niliona haya kidogo, kwa sababu ilikuwa hesabu ambayo ningepaswa kuifanya asubuhi. Msimu wote ule slasha haikuwahi kunyanyuliwa kamili, kwa kuwa propela iliizuia. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa linabeba sehemu ya uzito. Sisi tulipoondoa kizuizi, kilo 320 zote zikaning'inia kwenye trekta kwa mara ya kwanza. Ule ubovu wa kwanza ulikuwa umeuficha wa pili, tena ulikuwa umewalinda nao.

Tukakaa chini na karatasi. Trekta yenyewe ina kilo 1,000, na kwenye mizani magurudumu ya mbele yanabeba 420. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6. Kitovu cha uzito wa slasha kilikuwa mita 0.9 nyuma ya ncha za mikono, na ncha za mikono ziko mita 0.7 nyuma ya ekseli ya nyuma. Jumla mita 1.6. Ni bembea ya watoto yenye pande mbili sawa: kila kilo ya slasha inaondoa kilo moja mbele. Toa 320 kwenye 420, zinabaki 100. Kanuni inayotumika sana ni kwamba angalau asilimia 20 ya uzito wote, trekta na zana pamoja, ibaki kwenye magurudumu ya mbele. Asilimia 20 ya 1,320 ni 264. Tulikuwa na 100.

Uwezo wa lifti, kilo 600, ambao mzee alikuwa ameusoma kwenye kitabu na kuutegemea, haukusema lolote kuhusu hili. Kwanza ulikuwa umepimwa kwenye ncha za mikono, si karibu mita moja nyuma yake ambako uzito wa slasha unakaa. Pili, lifti kuweza kunyanyua ni jambo moja na trekta kubaki chini ni jambo jingine.

Dawa ya kawaida ni vyuma vya uzito mbele. Vikifungwa mita 0.6 mbele ya ekseli ya mbele, kila kilo inaongeza karibu kilo 1.4 kwenye magurudumu yale. Ukifanya hesabu hadi mwisho, pamoja na kwamba uzito mpya nao unaongeza jumla, unahitaji kilo 140. Kishikio cha mbele cha trekta hii kimeandikwa kisizidi 100. Kwa 100 unapata asilimia 17 hivi. Si 20.

Hapa mimi na mzee tuliachana kwa mawazo. Mimi nilimwambia kwamba slasha hii si ya trekta hii, na uzito ni nusu tu ya sababu. Kadirio linalotumika na wengi ni kama hospawa tano za PTO kwa kila sentimita 30 za upana wa slasha, mita 1.5 zinataka 25 kwenye PTO, na injini ya 25 haitoi 25 kwenye PTO, nyingine zinapotelea kwenye gia na haidroli. Slasha ya mita 1.2 ingekata majani yaleyale, kwa kuongeza mizunguko michache ya kwenda na kurudi, na ingekuwa nyepesi tena fupi. Nikamshauri abadilishane.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema majani yake si mazito, shamba lake ni tambarare, halivuki barabara, na slasha haina sababu ya kunyanyuliwa kamili kutoka ghalani hadi shambani. "Nitaiacha gurudumu lake liguse chini, kama ilivyokuwa."

Sikuridhika, lakini hoja yake haikuwa ya kijinga. Gurudumu la nyuma la slasha linazunguka upande wowote kama la toroli la dukani, kwa hiyo linaweza kufuata kwenye ardhi tambarare na kubeba sehemu yake. Tukakubaliana katikati. Kilo 100 zikafungwa mbele. Kwenye reli ya wenzo wa lifti nikafunga bolti ya kizuizi ili usivuke kimo ambacho gurudumu linaacha ardhi. Kuivua kunahitaji spana, na spana haikai kwenye trekta. Kijana nikamwambia mbele ya mzee kwamba siku atakayoambiwa aivue, aniite kwanza. Mzee akaangalia pembeni.

Kabla hawajaondoka nilifanya jambo moja la mwisho kwa ajili yangu mwenyewe. Nilipaka rangi nyeupe nyembamba kwenye bomba la ndani la propela, kisha nikaiunganisha. Bomba la nje likiteleza juu yake linaikwangua rangi, na mahali mkwaruzo unapoishia ndipo propela ilipofika ilipojikunja kuliko wakati wowote. Kwa hesabu yangu, hata bila kizuizi, zilitakiwa kubaki milimita 30. Kwa kizuizi zibaki zaidi.

Trekta ilirudi baada ya saa 60 za kazi, kwa kubadilisha mafuta ya injini. Nyuma palikuwa pakavu, unaweza kufuta kwa kidole kikatoka na vumbi tu. Nilichomoa propela nikapima rangi iliyobaki kutoka mwisho wa mkwaruzo. Milimita 22.

Nilimtazama kijana. Bolti ya kizuizi ilikuwa mahali pake, lakini kichwa chake kilikuwa na alama mpya za spana. "Tulivuka mtaro, fundi," akasema. "Mara moja tu."